Kiuno cha Kijana Mwanamichezo Kinapouma: Mwongozo Kamili wa Kutambua Ufa wa Uchovu, Kuutibu na Kumrudisha Uwanjani

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa michezo, kocha wa mtaani, mwalimu wa sarakasi na mzazi ambaye mtoto wake wa miaka 12 hadi 18 analalamika kiuno. Nimefanya kazi na vijana wa shule muda mrefu, na jambo linaloniumiza ni jinsi malalamiko hayo yanavyopokelewa. Mtoto anaambiwa ni misuli tu. Anachuliwa kwa dawa ya kupaka, anapewa vidonge, na kesho yake anarudi mazoezini. Miezi mitatu baadaye hawezi hata kukaa darasani kipindi kizima.

Mtu mzima akiumwa kiuno, mara nyingi ni misuli au diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili. Kijana mwanamichezo yuko tofauti. Utafiti uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995 uliwalinganisha vijana wanamichezo 100 na watu wazima 100, wote wakiwa na maumivu ya kiuno. Kati ya vijana, 47 walikutwa na ufa wa uchovu, yaani mfupa wa mgongo uliopasuka taratibu kwa kubanwa mara nyingi. Kati ya watu wazima walikuwa 5 tu. Wale vijana walikuwa wamekwishafika kliniki ya michezo, kwa hiyo usichukue kwamba nusu ya timu yako wana ufa. Lakini tofauti hiyo inatosha kukufanya usiseme "misuli" kabla hujachunguza.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Kila pingili ya uti wa mgongo ina sehemu nene mbele inayobeba uzito, na nyuma ina matao na viungo vidogo vinavyoishikanisha na pingili ya juu na ya chini yake. Kati ya kiungo cha juu na cha chini kuna kipande chembamba cha mfupa, kimoja kulia na kimoja kushoto. Mtu akirejesha mgongo nyuma, na zaidi akiurejesha huku anauzungusha, pingili ya juu hubana kipande hicho. Pingili inayoathirika zaidi ni ya 5 ya kiunoni, ile ya mwisho juu ya nyonga, ikifuatiwa na ya 4.

Kubanwa mara moja hakuna madhara. Shida ni kubanwa mara mia kwa siku, siku sita kwa wiki. Mfupa hujirekebisha kwa kuondoa sehemu iliyochoka kwanza, kisha kujenga mpya, na kujenga huchukua muda mrefu kuliko kuondoa. Mazoezi yasiyo na mapumziko humfanya fundi abomoe ukuta kabla matofali mapya hayajafika. Kwanza mfupa unavimba kwa ndani bila kupasuka, kisha unapata ufa mdogo, mwishowe unaachana kabisa. Madaktari huita hali hiyo spondilolisisi. Ikiwa pande zote mbili zimeachana, pingili inaweza kuteleza mbele, na hapo jina hubadilika kuwa spondilolisthesisi.

Ukiukamata mfupa ukiwa bado umevimba tu, au ufa ukiwa mchanga, una nafasi nzuri ya kuunga wenyewe. Ukichelewa hadi ncha zikaachana na kuwa butu, mara nyingi hauungi tena. Haraka yote katika mwongozo huu inatokana na hilo.

Nani yuko hatarini

Angalia mchezo unaorejesha mgongo nyuma kwa nguvu. Sarakasi inaongoza, kwa sababu watoto huanza kupinda mgongo wakiwa wadogo sana na hurudia "daraja" mamia ya mara. Kuna warusha mkuki, wapigaji wa smashi kwenye wavu, wanyanyua vyuma, waogeleaji wa kipepeo na warukaji. Mpira wa miguu nao umo: tazama kiuno cha kijana anapopiga shuti la mbali au kona, utaona mgongo ukirudi nyuma na kuzunguka kwa wakati mmoja.

Mchezo uliochunguzwa kwa kina kuliko mingine ni kriketi, kwa warushaji wa kasi. Hao huumia zaidi upande ulio kinyume na mkono wa kurushia: anayerusha kwa kulia, ufa huwa kushoto. Dennis Lillee wa Australia alivunjika hivyo mwaka 1973, akafungwa plasta kiwiliwili, akarudi kwenye mechi za kimataifa mwishoni mwa 1974. Mwenzake wa kizazi cha sasa, Pat Cummins, alicheza mechi yake ya kwanza ya Test, ile mechi ndefu ya kimataifa ya siku tano, Johannesburg mwezi Novemba 2011 akiwa na miaka 18, na kuwatoa wapigaji 6 katika zamu moja ya wapinzani. Mechi ya pili ya Test aliicheza Machi 2017, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipoteza kwa nyufa za mgongo. Hawa walikuwa na madaktari na mashine za kila aina. Kijana wa Iringa au Kakamega ana mwalimu wake tu, kwa hiyo mwalimu ndiye anayepaswa kuona mapema.

Umri nao una sehemu yake. Hatari hupanda mtoto anaporefuka kwa kasi. Miguu inarefuka, misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga inakaza, na kiuno kinalazimika kupinda zaidi kufidia. Mtoto aliyeongezeka urefu ghafla kati ya likizo moja na nyingine ndiye wa kupunguziwa mazoezi, ingawa mara nyingi ndiye anayeongezewa kwa sababu sasa anaonekana mkubwa.

Hatua ya 1: Msikilize, kisha mtazame

Mpe nafasi aeleze mwenyewe. Maumivu ya ufa kwa kawaida huja polepole, bila tukio moja la kuanguka. Yako chini, karibu na mkanda wa suruali, mara nyingi upande mmoja, na mtoto huweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Anayepitisha kiganja chote kiunoni akisema "hapa kote" mara nyingi ana kitu kingine, ingawa si lazima. Maumivu huzidi akikimbia, akiruka, akirusha au akirejea nyuma, na hupungua akilala. Akiinama kushika vidole vya miguu huenda asiumie kabisa.

Kuna jaribio rahisi. Simama nyuma yake, mshike mabega asianguke. Mwambie asimame kwa mguu mmoja, kisha arejeshe mgongo nyuma taratibu. Badilisha mguu. Akishtuka na kusema "hapo hapo" akiwa ameusimamia mguu wa upande unaouma, chukulia jambo hilo kwa uzito. Jaribio hili peke yake halithibitishi ufa, na kutouma hakumaanishi mfupa ni mzima. Lifanye mara moja tu. Nimeona makocha wakimrudisha mtoto nyuma mara tano ili wajihakikishie, na kila mara wanabana mfupa uleule.

Kanuni ninayowapa walimu ni hii: kijana anayecheza, mwenye maumivu ya kiuno yaliyozidi wiki mbili, yanayozidi akirejea nyuma, achukuliwe ana ufa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Hatua ya 2: Simamisha mazoezi siku hiyohiyo

Usimwambie acheze nusu ya kwanza. Usisubiri mashindano yaishe. Na tafadhali, asichomwe sindano ya diklofenaki ili amalize mechi. Dawa inazima kengele, moto unabaki. Akihitaji nafuu usiku, parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake inatosha mpaka aonwe.

Jambo jingine linalohitaji kusemwa waziwazi nyumbani: asikanyagwe mgongo, asivutwe, asipelekwe kwa mtu wa kunyoosha viungo mpaka mgongo ulie. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto hakuna ubaya na kunatuliza misuli iliyokaza. Kumlaza kifudifudi na kumsukuma kiuno kwa magoti kunarudia lile lile lililomvunja.

Hatua ya 3: Ondoa magonjwa ya hatari kwanza

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu mtoto ni mwanamichezo na kila mtu ana hakika ni mchezo. Katika nchi zetu kuna magonjwa yanayoingia kwenye pingili na kujifanya jeraha.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo ndicho cha kwanza kichwani mwangu. Huja taratibu, mtoto anapungua uzito, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni, na si lazima akohoe. Pingili ikishaliwa, mgongo hutokeza kibiongo. Uliza kama kuna mtu nyumbani anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za TB. Kwa familia za wafugaji, au wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, uliza pia homa zinazokuja na kuondoka, kwa kuwa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, hupenda kiuno na nyonga. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuumwa mifupa ya mgongo bila jeraha lolote. Na saratani, ingawa ni nadra kwa umri huu, hujitambulisha kwa maumivu yanayomwamsha usiku na yasiyobadilika awe amelala au amesimama.

Kuna dalili ambazo hazingoji kesho: kushindwa kukojoa au kujikojolea, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu. Hizo ni za kwenda hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Hatua ya 4: Hospitali, na namna ya kuomba kipimo

Anzia kituo kilicho karibu, lakini usiishie hapo ukiambiwa tu "eksirei iko sawa". Ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, na mfupa uliovimba bila kupasuka hauonekani kabisa. Eksirei ina kazi yake: inaonyesha pingili iliyoteleza na inaweza kuonyesha dalili za TB.

Kipimo bora kwa mtoto ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kwa sababu inaonyesha uvimbe wa maji ndani ya mfupa kabla ya ufa na haina mionzi. CT, eksirei ya kompyuta, huonyesha mstari wa ufa vizuri zaidi, lakini ina mionzi, kwa hiyo ipigwe pale tu daktari anapohitaji kujua ufa umefika hatua gani, na ipigwe kwenye pingili inayoshukiwa, si mgongo mzima.

Maelezo yaliyoandikwa kwenye fomu yana uzito mkubwa. Fomu inayosema "maumivu ya mgongo" itamfanya msomaji wa picha atafute diski. Mwombe daktari aandike: mwanamichezo, umri fulani, maumivu akirejea nyuma, upande fulani, tunatafuta ufa wa uchovu kwenye matao ya pingili ya 4 na ya 5. Nimeona picha ileile ikisomwa mara mbili na kupata majibu tofauti kwa sababu ya sentensi hiyo.

Tanzania, rufaa ya mifupa inaweza kukufikisha MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Kenya kuna Kenyatta na hospitali ya CURE iliyopo Kijabe. Uganda kuna Mulago na hospitali ya CoRSU.

Na kama fedha ya MRI haipo? Hali hiyo ni ya kawaida, na mtoto asiachwe kwa ajili yake. Magonjwa ya Hatua ya 3 yakishaondolewa na daktari, mtibu kana kwamba ufa upo: mpumzishe, mfuatilie kila baada ya wiki chache. Kupumzisha mgongo usio na ufa kunampotezea msimu mmoja. Kuchezesha mgongo wenye ufa kunaweza kumwachia tatizo la kudumu.

Pia ujue kwamba takriban watu wazima 6 kati ya 100 wana ufa huu na wengi wao hawajui, hauwaumi. Picha lazima iendane na mahali mtoto anapouma, la sivyo unatibu karatasi.

Hatua ya 5: Mapumziko ya kweli

Kwa wengi ni takriban miezi mitatu bila mchezo. Maumivu huisha mapema, pengine ndani ya wiki nne, na hapo ndipo vita huanza: mtoto anajisikia mzima, kocha anamhitaji, mzazi anaona anadekezwa. Mfupa bado unaunga. Andika tarehe ya kurudi kuonwa, ibandike ukutani.

Mapumziko hayahusu uwanja peke yake. Mtoto anayekatazwa kucheza lakini anabeba ndoo ya lita 20 kichwani mara nne kwa siku hajapumzika. Kubeba magunia, kufyeka na kulima vipungue au vihamie kwa mwingine, na shuleni asipewe adhabu za kuruka kichura. Hili linahitaji mazungumzo na nyumbani, kwa heshima, maana kazi zile zina mtu wa kuzifanya na mara nyingi ndiye huyo. Kutembea kunaruhusiwa, tena kunafaa, mradi hakuumi.

Mkanda mgumu wa kiunoni baadhi ya madaktari huutumia. Watoto wengi hupona bila huo. Ukipewa na daktari wako uvae, lakini usikope fedha kwenda kuununua dukani kwa kudhani ndiyo tiba.

Mfupa unahitaji chakula. Mtoto anayefanya mazoezi asubuhi bila kula na kupata ugali jioni tu hana cha kujengea. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa au mtindi, mayai, maharage na mboga za majani vipatikane kadiri ya uwezo. Msichana mwanamichezo aliyekosa hedhi miezi mitatu, au ambaye amefika miaka 15 hajavunja ungo, aonwe na daktari: mara nyingi mwili unatumia nguvu nyingi kuliko unazopata, na mifupa yake inadhoofika. Swali hilo liulizwe na mwalimu wa kike au matroni, faraghani, si mbele ya timu.

Hatua ya 6: Kujenga upya

Hapa mtaalamu wa fiziotherapia ni muhimu, lakini haya yanaweza kuanza nyumbani mara maumivu ya shughuli za kila siku yanapoisha. Lengo ni tumbo, makalio na ubavu vifanye kazi ili kiuno kisipinde ovyo.

Alale chali, magoti yamekunjwa, akaze tumbo kidogo kana kwamba anajiandaa kuguswa, apumue bila kulegeza. Kisha ainue mguu mmoja kwa wakati, kiuno kisiachane na mkeka. Teleza mkono chini yake uhakikishe. Baadaye apige magoti na viganja, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto, abadilishe, mgongo ukiwa tuli kiasi cha kuweza kubeba bakuli la maji. Kisha alale kwa ubavu, ainue nyonga na kujishikilia kwa kiwiko. Kuinua nyonga akiwa chali kunafaa pia, ila aishie mwili unaponyooka, asipitilize.

Anyooshe misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga kila siku. Asifanye kupinda nyuma, asilale kifudifudi na kuinua kifua na miguu, asinyanyue vyuma juu ya kichwa.

Hatua ya 7: Kurudi uwanjani

Masharti kabla ya kuanza kukimbia: haumwi kwa shughuli za kawaida, haumwi akirejea nyuma, jaribio la mguu mmoja halina maumivu, na daktari au fiziotherapia ameridhia.

Wiki mbili za kwanza ni kutembea na kukimbia polepole kwa kubadilishana, siku moja ndiyo, moja hapana. Wiki mbili zinazofuata kasi inapanda, kugeuka kunaingia, mwanasoka anaanza pasi fupi. Kitendo kilichomvunja kinarudi mwisho. Mwanasoka apige mashuti ya mbali baada ya kila kitu kingine. Mchezaji wa voliboli aanze na sevu ya kusimama, smashi ya kuruka baadaye. Mrusha mkuki aanze kurusha akiwa amesimama, nusu ya nguvu, siku zisizofuatana, kisha hatua chache, kisha mbio kamili. Mtoto wa sarakasi abaki na kupanda, kusimama kwa mikono na mazoezi ya kujisawazisha. Kupinda mgongo kusubiri hadi mwisho kabisa.

Ongeza idadi au ongeza nguvu, usiongeze vyote viwili wiki moja. Maumivu yakirudi, rudi hatua iliyotangulia. Yakiendelea, rudi hospitali. Kwa jumla miezi minne hadi sita ni ya kawaida, na mrushaji wa kriketi wa kasi anaweza kuhitaji hadi tisa.

Wengi hurudi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta takriban asilimia 84 ya waliotibiwa bila upasuaji walikuwa na matokeo mazuri mwaka mmoja au zaidi baadaye, wakiwemo wengi ambao ufa wao haukuunga. Upasuaji hufikiriwa pale maumivu yanapoendelea zaidi ya miezi sita ya tiba iliyofuatwa vizuri, mishipa ya fahamu inapobanwa, au pingili inapoteleza zaidi ya nusu ya upana wake. Mwenye ufa pande zote mbili apigwe eksirei ya ubavuni mara kwa mara mpaka amalize kurefuka, hata kama haumwi, kwa kuwa mtelezo huongezeka zaidi katika miaka hiyo.

Kwa timu nzima: hesabu

Kriketi ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi bodi ya kriketi ya Uingereza iliwawekea warushaji wa kasi mipaka: kundi la hadi miaka 13, ova 5 kwa mkupuo mmoja na 10 kwa siku, makundi ya chini ya miaka 14 na 15, ova 6 na 12, makundi ya chini ya miaka 16 na 17, ova 7 na 18. Ova moja ni mipira 6. Mkuki, smashi na sarakasi havina jedwali kama hilo shuleni kwetu, lakini kuhesabu hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kwetu hatari kubwa ni kambi. Mtoto anakaa wiki kadhaa na mazoezi mara mbili kwa wiki, kisha mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) au ya sekondari (UMISSETA) yanakaribia, anaingia kambini na kufanya mazoezi asubuhi na jioni kila siku. Mwenye kipaji yuko kwenye mpira, voliboli na mkuki kwa pamoja, na Jumamosi anaitwa na timu ya mtaa. Kila kocha anahesabu mazoezi yake tu. Anza kupandisha mazoezi wiki sita kabla ya kambi, mpe angalau siku moja kamili ya kupumzika kwa wiki, na walimu wakae pamoja kumgawana mtoto huyo.

Tumia daftari la kawaida. Mistari minne kila siku: alichofanya, mara ngapi alirusha au kuruka kwa nguvu, alilala kwa saa ngapi, kiuno kinauma kiasi gani kutoka 0 hadi 10. Pima urefu wake kila mwanzo wa muhula na uandike humo. Akichaguliwa timu ya wilaya au mkoa, au akihamia shule nyingine, daftari liende naye na kocha mpya alisome kabla ya kumpa zoezi la kwanza.